Mtaani Wananiita Dokta, Kumbe Nilikosea Kombi!

Leo nataka nikupe kisa ambacho sijawahi kukiandika kwenye safu hii, ingawa majirani zangu wa hapa Tabata wanakijua nusu yake. Nusu nyingine naijua mimi na mama yangu.

Ukija mtaani kwetu ukauliza jina langu la shule utazunguka mpaka jua lizame. Lakini uliza kwa "Dokta". Hata watoto wanaocheza kombolela watakuleta mpaka mlangoni.

Sasa usije ukaja na jino lako bovu. Mimi si daktari, sijawahi kuwa daktari, na hata kuchoma sindano sijui. Hilo jina alinipa mama mzazi nikiwa darasa la tano. Nilimfunga kidole alipojikata na kisu cha kukatia mchicha, akatangaza gengeni kwake: "Huyu ndiye daktari wangu." Tangu siku hiyo genge zima likalishika.

USIKU WA DEGEDEGE

Siku moja, saa nane za usiku, mlango wangu uligongwa kwa nguvu mpaka nikadhani ni wezi. Kufungua, namkuta mama wa chumba cha pili kambeba mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto macho yamegeuka, mwili unatetemeka, moto kama pasi.

"Dokta, nisaidie baba, mwanangu anakufa!"

Yule mama alihamia kwetu mwezi uliotangulia. Hakuna aliyemwambia kuwa udokta wangu ni wa gengeni. Nilisimama pale kama mlingoti. Bibi mwenye nyumba naye katoka na kijiko, anataka amtie mtoto mdomoni asijiume ulimi. Wote wananitazama mimi nitoe amri.

Nikajikuta nasema jambo pekee nililokuwa na hakika nalo: "Twendeni hospitali." Nikakimbia barabarani, nikapata bajaji, tukaondoka.

Tulipofika, aliyetupokea alikuwa dada mmoja mdogo tu, nadhani rika langu. Alimlaza mtoto ubavu, akatoa maelekezo mawili matatu kwa muuguzi, na kabla sijamaliza kuhema tayari mambo yalikuwa yanakwenda. Kuhusu kile kijiko, alimwambia mama yule kwa upole kuwa mtu mwenye degedege hatiwi kitu chochote mdomoni. Kulipokucha mtoto alikuwa anaomba chai. Ilikuwa malaria.

Mama wa watu, kwa furaha yake, akamwambia yule daktari: "Asante sana, na huyu naye ni daktari mwenzako."

Mpenzi msomaji, kama sakafu ya hospitali ingepasuka ningeingia. Ikabidi niseme ukweli pale pale kwenye benchi. Yule dada alicheka, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kwani ulisoma kombi gani?"

C NILIYOICHANA MWENYEWE

Hapo ndipo kidonda kilipo. Wakati namaliza fomu foo nilipata B ya Baiolojia, B ya Kemia, A ya Jiografia na C ya Fizikia. Isome tena hiyo ya mwisho. Sikupata F wala D. Nilipata C, na niliipata kwa jasho, maana mwaka mzima wa fomu thrii darasa letu halikuwa na mwalimu wa Fizikia. Tulikuwa tunapiga msuli wenyewe jioni, chini ya taa ya duka la mangi, tukibishana kuhusu lenzi na saketi za umeme kama watu wanaobishana Simba na Yanga.

Ulipofika wakati wa kuchagua kombi nilikwenda kwa mtu mzima mmoja wa shuleni ambaye kazi yake ilikuwa kutushauri. Shule siitaji na yeye simtaji, nadhani alinitakia mema. Aliniambia: "Wewe una A ya Jiografia. Chagua CBG, ni kombi laini, itakubeba. Udaktari si Kemia na Baiolojia? Zote zimo humo."

Mimi nikafurahi kama niliyepewa zawadi. Tuseme kweli, sikushauriwa tu, nilikuwa natafuta wa kunishauri hivyo! Fizikia ilikuwa inanitisha. Vipanga wa darasa walikuwa wanasema PCB ni kaburi la watu, wanaingia hamsini wanatoka watano. Basi nikachagua CBG, nikapangiwa shule ya bweni mikoani, nikasoma miaka miwili, nikafaulu vizuri. Mama alichinja kuku. Genge zima likala pilau.

Kisha nikaanza kuomba vyuo. Nikafungua mwongozo wa udahili wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, nikatafuta kozi ya udaktari wa binadamu, wenyewe wanaiita MD. Sifa zake zimeandikwa wazi: ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nilisoma mstari ule kama mara kumi nikidhani macho yananidanganya. Fizikia ilikuwa imekaa pale, imetulia, inanitazama.

Ningekuwa nimefeli ningejua la kujibu. Nilikuwa nimefaulu mtihani usio wangu, na hilo mpaka leo ndilo linaloniuma. Kwa hasira nikakataa hata kozi nyingine niliyopata, nikarudi Tabata, nikaanza kuandika magazetini. Mama hakusema neno. Ila aliendelea kuniita daktari wake mbele za watu, na mimi sikuwa na ubavu wa kumwambia aache.

HAYA, TUZIPANGE KOMBI MEZANI

Nakuambia haya kwa sababu najua uko wewe unayesoma gazeti hili kwenye daladala la Segerea, una mdogo wako nyumbani anataka kuwa daktari, na wote mnadhani kombi yoyote yenye herufi B inatosha. Haitoshi. Hebu tuzitazame moja moja.

PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hii ndiyo njia kuu ya udaktari, na juu yake kuna hesabu ya pembeni inayoitwa BAM, kwa hiyo usidhani umeagana na hesabu.

PCM ni Fizikia, Kemia na Hesabu. Ni ya akina injinia. Haina Baiolojia, kwa hiyo hata ukipata A tatu mlango wa MD hauingii.

CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. Kombi nzuri sana kwa anayetaka mambo ya mazingira, kilimo au ualimu wa sayansi. Usimcheke mtu wa CBG, mimi mwenyewe ni wa huko. Lakini Fizikia haimo.

CBA ina Kilimo, na CBN ina Lishe, mahali pale pale ambapo Fizikia ingekaa. Nazo zina kazi zake, ila si kwa udaktari wa binadamu.

Machi 2024 Serikali ilitangaza kuwa tahasusi za kidato cha tano zimefika 65. Mdogo wangu mmoja wa mtaani alinifuata mbio akisema, "Kaka, sasa hivi kuna njia nyingi za kuwa daktari!" Nikamwambia, kombi zimeongezeka, kitabu cha TCU kwenye MD bado kinadai zile zile tatu.

D TATU NI TIKETI YA KUPANGA FOLENI

Sasa mjadala mkubwa wa vijiweni: upate ngapi? Mwongozo wa TCU umeweka kiwango cha chini cha pointi 6, ukiwa na angalau D katika kila moja ya masomo hayo matatu. Hesabu yake ni nyepesi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. D tatu zinakupa 6.

Lakini sikiliza vizuri. Hizo 6 ni ruhusa ya kupanga foleni, kiti ni jambo lingine. Nafasi za udaktari zinagombewa kama daladala la saa kumi na mbili asubuhi pale Buguruni, anayeingia ni mwenye alama za juu. Ukipanga malengo, panga B na A. D iwe sakafu ya kukuzuia usianguke.

Na ukipata E ya Fizikia huku una A mbili za Kemia na Baiolojia? Pointi zako ni 11, zinapendeza. Lakini sharti la D katika kila somo limevunjika. Wengi wanalia hapa, kwa sababu walilitupa somo moja wakitegemea mengine mawili yatalibeba.

FIZIKIA NA SINDANO WAPI NA WAPI?

Hili swali nilikuwa naliuliza kwa jeuri nikiwa shuleni. Jibu lake nilikuja kulipata mwenyewe hospitalini nikisubiri mtoto wa jirani azinduke. Nilitazama ile chupa ya dripu iliyoning'inizwa juu. Kwa nini juu? Kwa sababu maji yanashuka kwa uzito wake, ukiiweka chini kabisa damu ndiyo itapanda kwenye mrija. Kipimo cha presha ni kanieneo, kile kile tulichokariri kwenye mada ya vimiminika. Eksirei ni mionzi. Utrasaundi anayopimwa mama mjamzito ni mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio. Miwani ya bibi ni lenzi. Mashine ya moyo inasoma umeme wa mwili.

Kumbe nilikuwa nimekimbia nusu ya hospitali.

SAFARI NI NDEFU, JIANDAE

Wazee wetu wanakumbuka Mwalimu Nyerere akisema kuwa Mwingereza alipoondoka mwaka 1961 alituachia madaktari 12 tu. Mwaka 1963 ndipo shule ya udaktari ilipoanzishwa hapa Dar es Salaam, ikaja kuwa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki, na tangu 2007 ni MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Siku hizi si Muhimbili peke yake. Kuna Kairuki kule Mikocheni, kuna KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, na vingine.

Kozi yenyewe ni miaka 5, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini, wenyewe wanauita intani. Ukitaka kuwa bingwa wa watoto au wa upasuaji, ongeza miaka mingine. Na usiende kwa sababu ya gari na koti jeupe, maana wapo waliomaliza intani na bado wanasubiri ajira.

Ada nayo ipo. Elimu bila ada ilianza kidato cha kwanza mpaka cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo, na tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia Skolashipu kwa wanaofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi. Anayekupigia simu akikuahidi udaktari wa ughaibuni bila Fizikia, kwanza muulize kama cheti chake kitatambuliwa na TCU, na kama Baraza la Madaktari litakusajili ukirudi. Mara nyingi hapo simu inakatika.

BINTI NA SIMU YAKE

Sasa nirudi mtaani. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti wa fundi seremala tunayepakana naye ukuta alikuja na simu mkononi, baba yake nyuma. Siku hizi wahitimu wanaruhusiwa kubadili kombi kwenye mtandao wa TAMISEMI baada ya kuona matokeo, na siku zilikuwa zinakaribia kwisha. Alikuwa na B ya Baiolojia, C ya Kemia, C ya Fizikia, D ya hesabu na A ya Jiografia.

"Shikamoo kaka. Nilijaza PCB, lakini nataka nibadili niweke CBG. Jiografia nina A."

Nilinyamaza. Nilihisi kama mtu amenisomea barua yangu mwenyewe.

"Bado unataka udaktari?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

Baba yake akadakia: "Dokta, mwambie ukweli. Mimi naona achukue lile la uchumi aende benki. Na kwani huo udaktari si Baiolojia?"

Nikaingia ndani, nikatoa cheti changu cha kidato cha sita, nikamwekea mzee mkononi. Nikamwambia: "Mzee wangu, soma. Nimefaulu. Sasa nioneshe Fizikia iko wapi." Mzee alikigeuza mbele na nyuma. Kisha akaniambia taratibu: "Kumbe ndiyo maana." Hakuongeza neno.

Binti naye alikuwa na hoja yake, na ilikuwa ya maana. "Kaka, C yangu ni ya tuisheni. Huko fomu faivu nikipangiwa shule isiyo na mwalimu je? Nikipata zero nimepoteza yote."

Sikumdanganya kuwa haiwezekani. Nilimwambia yale ambayo mimi sikuambiwa. Kwamba PCB haifungi milango mingine, mtu wa PCB anaweza kwenda famasia, maabara, uuguzi, meno, hata udaktari wa mifugo kule SUA Morogoro. Anayetoka PCB anaweza kugeukia mengi, lakini wa CBG hageuki kuingia MD. Kwamba aanze Fizikia wiki hii hii, asingoje kupangiwa shule, maana wanaozama PCB wengi wanazama muhula wa kwanza, wakishtuka maji yako shingoni. Kwamba praktiko zina alama zake, asiziogope.

Na nikamwambia habari za mlango wa uani.

MLANGO WA UANI

Huu niliujua kwa yule dada wa hospitali. Aliponiuliza kombi nikamjibu CBG, aliniambia yeye kombi yoyote hakuisoma. Fomu foo alipata D ya Fizikia. D! Hakwenda fomu faivu, alikwenda chuo kusoma stashahada ya utabibu, miaka 3. Kujiunga unahitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ukimaliza unakuwa tabibu, wale tuliozoea kuwaita klinikali ofisa, na ndio wanaotutibu wengi wetu kwenye vituo vya afya.

Baada ya hapo, ukiwa na wastani wa B, yaani GPA ya 3.0 au zaidi, unaruhusiwa kuomba MD. Sharti jingine ni kwamba cheti cha fomu foo kiwe na angalau D katika Hesabu, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Kwa hiyo wewe wa fomu thrii unayefikiria kuitupa Fizikia, au unayesema hesabu si ya watu wa sayansi ya viumbe, fikiri mara mbili. Hiyo D unayoidharau leo kuna siku itaulizwa.

Yule dada sasa alikuwa intani. Aliyepata D alikuwa anamtibu mtoto wa jirani, mwenye C alikuwa amekaa kwenye benchi ameshika viatu vya mtoto.

Alipomaliza kunisimulia akaniuliza: "Na wewe Fizikia ya fomu foo ulipata ngapi?"

"C."

"Sasa unangoja nini?"

Mpenzi msomaji, sikuwa na jibu.

TUMEFIKIA WAPI?

Binti aliiacha PCB yake kama ilivyo. Baba yake hajafurahi sana, lakini juzi nimeona amemtengenezea meza ya kusomea kwa mabaki ya mbao za mteja. Kama atafika au hatafika, hilo sitaki kulitabiri. Mimi najua tu kwamba akikwama, atakuwa amekwamia kwenye barabara inayokwenda huko anakotaka.

Sisi wa Tabata mambo ya afya hatukuyasoma vitabuni. Wazee wetu walivuta moshi wa takataka za jiji zima mpaka mwaka 1988 wakaipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 dampo likahamishwa. Kituo cha daladala mpaka leo kinaitwa Dampo. Watoto waliokulia kwenye ule moshi walikuwa na kila sababu ya kutaka kuwa madaktari. Sijui ni wangapi walikwamishwa na kombi.

Kwa hiyo wewe mzazi, kabla mwanao hajajaza fomu, mwulize anataka kuwa nani, halafu fungueni mwongozo wa TCU wa mwaka huo huo, muusome pamoja, mstari kwa mstari. Usimwulize mtu aliyekariri. Usiniulize hata mimi, kitabu kinabadilika.

Na mimi? Jumapili iliyopita nilimwomba mama cheti changu cha fomu foo. Alikuwa amekiweka ndani ya Biblia yake, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku. Aliniuliza nakitakia nini. Nikamwambia nataka nikitoe kopi.

Hakuuliza tena. Aligeuka akaendelea kupanga nyanya zake, halafu nikamsikia anamwambia mteja: "Subiri kidogo mwanangu, nazungumza na daktari wangu."

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo.